Jezi Isiyo na Chumvi

Dobi aliitoa jezi namba tisa kwenye mfuko wake wa wavu, akaipeleka puani, akakaa nayo hivyo kama mtu anayesikiliza neno la mbali. Ilikuwa imelowa. Kifuani imelowa, mgongoni imelowa, makwapani imelowa chapachapa. Lakini haikunuka kitu.

Miaka sita alikuwa amefua nguo za timu ile katika chumba kidogo kilicho chini ya jukwaa, chenye mashine mbili, sinki moja na dirisha la kuchungulia geti. Hakuwahi kutazama mechi hata moja mpaka mwisho, na bado aliwajua wachezaji kuliko kocha wao. Alijua nani amekimbia na nani amejificha nyuma ya wenzake. Jasho likikauka huacha mistari myeupe kwenye kitambaa, chumvi ya mwili wa mtu. Maji ya bomba hukauka yakaenda zao, yasiache hata salamu.

Akagusisha ncha ya ulimi kwenye kola.

Maji. Maji matupu.

Ilikuwa Ijumaa ya tatu mfululizo. Kila Alhamisi timu ilipopumzika, Radi alitakiwa kukimbia peke yake uwanja wa nyuma kurudisha pumzi aliyoiacha gerezani. Na kila Ijumaa alileta mfuko wake mwenyewe, akiwa na tabasamu lile la upande mmoja lililomfanya Dobi asahau alikoweka sabuni.

"Ala! Sasa tunalamba nguo za wanaume?"

Dobi aliruka. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kumchukua mjukuu, naye mjukuu alikuwa amelala fofofo juu ya rundo la taulo safi, kidole mdomoni.

"Naangalia doa tu, mama."

"Doa lipo, mwanangu, ila si kwenye nguo." Mama aliketi juu ya kikapu kilichopinduliwa, akajipepea kwa upindo wa mtandio. "Kesho ndiyo anacheza?"

"Kesho."

"Na Jumapili ndiyo anakuja kwangu kujitambulisha."

"Tulishakubaliana, mama."

"Ulikubaliana wewe. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza kwangu wewe unakujua." Alielekeza kidole dirishani, kwenye geti. "Ni pale pale. Mzee wa watu anafanya kazi yake, anamwambia umelewa baba, nenda kalale, kesho utaingia. Mtu anachukua kufuli, anampiga nalo usoni. Jicho la mtu! Halafu leo wanataka avae jezi watu wampigie makofi. Kwa nini? Kwa sababu anafunga mabao?"

"Alifungwa miaka minne, mama. Hukumu aliimaliza."

"Na yule mzee wa jicho, yake inaisha lini?"

Jibu la swali hilo Dobi alikuwa amelitafuta tangu Radi alipotoka, miezi minane iliyopita, alipokuja chumbani mle na mfuko wake mkononi, macho chini, akaomba sindano ajishonee mwenyewe kifungo. Mchezaji gani anashona kifungo? Alimcheka, naye akacheka. Kutoka kwenye kifungo wakafika kwenye chai, na kutoka kwenye chai wakafika walipofika. La zamani alimwambia lote, halikufichwa. Dobi alilia, akalipokea. Alijiambia mtu aliyesema ukweli mzito kama ule hawezi kusema uongo mwepesi.

Sasa alishika uongo mwepesi mkononi, unachuruzika maji.

"Kibibi chako hiki," mama alisema akimwinua mtoto taratibu begani, "baba yake aliaga anakwenda dukani kununua betri za redio. Mtoto ana miaka minne. Betri hazijafika. Mimi sina ugomvi na huyo Radi wako kwa yale aliyokwambia, mwanangu. Nina ugomvi na yale ambayo hajakwambia."

Akatoka. Akamwacha Dobi na mlio wa mashine.

*

Radi aliingia saa saba, akainama kwenye mlango kwa mazoea ya watu warefu. Alikuwa na machungwa mawili mkononi. Alimtazama Dobi vile alivyomtazama siku zote, kama mtu anayeota moto baada ya mvua, na moyo wa Dobi ukafanya ujinga wake wa siku zote.

"Dobi wangu. Umeshinda kimya leo, hata redio hujafungua."

"Mazoezi ya jana yalikuwaje?"

"Magumu." Aliketi kwenye kikapu kile kile alichoketi mama. "Nimekimbia mpaka miguu ikaniuliza kama tunadaiwa."

Siku nyingine Dobi angecheka. Leo alichukua jezi, akamrushia mapajani.

"Lamba."

"Nini?"

"Kola hiyo. Lamba."

Radi aliitazama jezi, akamtazama yeye. Akajaribu kutabasamu. Tabasamu likafika nusu ya njia likarudi.

"Dobi, mbona..."

"Jasho la mtu lina chumvi, Radi. Mimi ndiyo kazi yangu hii. Wewe unaifungulia bomba nguo, unaikamua, unaiweka mfukoni, unanipa mimi niifue! Wiki ya tatu! Ungemdanganya kocha, ungemdanganya daktari wa timu. Ukaona wa kudanganya kwa nguo ni dobi?"

Mashine ilifika kwenye kukamua, ikatetemeka, ikatulia.

"Ni nani?" Dobi aliuliza.

"Hakuna mwanamke."

"Sikuuliza kama ni mwanamke. Nimeuliza ni nani."

Radi aliikunja jezi mara mbili, mara nne, kama anataka ifike udogo wa kumezwa. Mikono yake ilikuwa mikubwa. Dobi aliitazama, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alijikuta anakadiria umbali kati yake na mlango. Radi aliliona jicho lake lilivyokwenda mlangoni na kurudi. Uso wake ukabadilika rangi. Akasimama polepole, akahamia ndani kabisa, kwenye sinki, akamwachia njia.

"Nakwenda kwa Afande," alisema.

"Afande yupi?"

"Yule. Wa geti."

Afande ndilo jina walilomwita mlinzi wa zamani. Dobi alijua, kama alivyojua kila mtu klabuni, kwamba mashabiki waligawanyika nusu kwa nusu, wengine wanasema amelipa kosa lake acha mtu afanye kazi, wengine wanasema watampigia filimbi mpaka masikio yapasuke. Na alijua uongozi ulikuwa unatafuta barua. Mzee akisaini kwamba hana kinyongo, kelele zote zitakwisha.

"Unamfuata mzee wa watu akusainie barua."

"Hapana."

"Kila Alhamisi unakwenda kumsimamia mlangoni, mtu uliyemtoa jicho, mpaka aogope akusainie!"

"Hapana, Dobi! Nisikilize." Sauti yake ilipanda, akaisikia mwenyewe, akaishusha. "Nilikwenda kumwomba radhi. Hakunijibu. Nilipogeuka kuondoka akaniambia, 'Kama una muda wa kusema, una muda wa kusimama.' Analinda ghala la magunia siku hizi, nyuma ya kituo cha mafuta. Upande wa kushoto haoni. Malori yanatokea kushoto, mara mbili yamekaribia kumgonga. Basi nasimama kushoto kwake. Saa nane mpaka saa kumi na moja. Hatuzungumzi."

"Saa tatu hamzungumzi?"

"Anasema 'lori', nami nasema 'limepita'. Basi."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Alisema siku mtu mwingine akijua, nisirudi. Alisema, 'Ukija na mwandishi wa gazeti, au ukaenda kujisifia kwa wanawake, nitajua ulikuja kujiosha.'"

Jibu zuri. Zuri mno. Dobi alikuwa amewahi kupewa majibu mazuri, na moja lilihusu betri.

Akavua aproni.

"Unakwenda wapi?"

"Ghalani."

"Dobi, tafadhali. Akijua nimesema..."

"Kama ni kweli atanisikiliza. Kama ni uongo, wewe ndiye hutaki niende." Alichukua pochi. "Mashine ikimaliza, anika. Na Jumapili usiitaje kwanza."

*

Ghala lilikuwepo, na mzee alikuwepo. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa mguu kwa waya, daftari la malori mapajani, kofia imevutwa upande wa kushoto. Dobi alifika kwa upande ule bila kujua. Mzee hakugeuka mpaka alipokohoa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Zunguka huku, binti. Huko uliko hakuna mtu."

Alizunguka. Jicho moja lilimpima tangu viatu mpaka kichwani.

"Wewe ni yule dobi. Ulikuwa unanipa maji ya baridi mchana."

"Ndiyo mimi."

"Basi amesema."

Dobi aliinamisha kichwa. "Nilimlazimisha. Nguo zake zilinieleza kwamba hakimbii, nikadhani... nikadhani mengi. Nimekuja kuuliza kama ni kweli anakuja."

"Anakuja. Alhamisi ya sita jana."

Sita. Yeye alikuwa amegundua tatu tu. Moyo wake ulitaka kuruka kwa furaha, akaushika mkia. "Amekuomba barua?"

"Yeye? Hajaniomba kitu. Barua ililetwa na klabu. Imeshaandikwa, imepigwa chapa vizuri, imeacha nafasi ya jina langu tu." Mzee alitoa karatasi kwenye daftari, ikiwa imekunjwa, akaitumia kuwafukuza nzi. "'Mimi fulani sina kinyongo.' Walijuaje?"

"Umemsamehe, baba?"

"Sijamsamehe." Alisema bila hasira, kama mtu anayesema bado hajala. "Labda nitamsamehe, labda nitakufa kwanza. Lakini anasimama vizuri. Haegemei ukuta."

Lori lilikuwa linakuja. Dobi alijikuta amesogea kushoto kabla hajafikiri. "Lori, baba."

"Nimelisikia." Liliingia, akaandika namba zake kwa mwandiko mkubwa, kichwa kimegeuzwa ili jicho lifike. Kisha akasema, "Nimeulizwa na watu wengi. Klabu, mashabiki, kijana mmoja wa redio. Wote swali moja. Eti, Afande, unaonaje, arudi uwanjani au asirudi? Kazi yake, kipaji chake, maisha yake. Mimi nawajibu sijui. Kweli sijui. Ni kijana, mpira ndiyo anaoujua."

Alifunga daftari.

"Ila hakuna aliyeniuliza kuhusu kazi yangu mimi. Miaka kumi na tisa nilishika lile geti. Mtoto akipotea kwenye umati analetwa kwangu. Nilipotoka hospitali nikaambiwa mlinzi wa jicho moja ni hasara. Geti ndilo nililokuwa nalijua, binti. Yeye wanamtunzia namba tisa miaka minne, haivaliwi na mtu. Geti langu hawakulitunza hata wiki."

Dobi alisimama pale, pochi mkononi. Alikuja kutafuta uongo wa mtu mmoja, akakuta ukweli ambao hata yeye, aliyekuwa akilitazama geti lile kila siku kwa dirisha lake, hakuwahi kuuona.

"Nawe humpendi mtu mzuri," mzee aliongeza. "Mtu akikuambia ni mzuri, usikubali. Unampenda mtu anayejaribu. Mchunge."

*

Nguo zote zilikuwa zimeanikwa aliporudi, zimebanwa mabegani badala ya kiunoni, kosa la mtu asiyejua. Radi alikuwa ameketi kwenye kizingiti. Machungwa yalikuwa bado mawili.

"Ni kweli," Dobi alisema.

Radi alifumba macho, akashusha pumzi.

"Usipumue bado. Alhamisi sita umesimama na yule mzee. Umewahi kujiuliza kwa nini analinda magunia?"

"Kwa sababu... alipata kazi pale."

"Na geti lake?"

Radi alifungua mdomo. Dobi aliona swali linavyoingia, likishuka taratibu, likifika chini kabisa. Hakuwahi kufikiri. Alifikiria jicho usiku na mchana, alifikiria gereza, alifikiria msamaha. Geti hakuliwaza.

"Walimwondoa?"

"Wiki ile ile. Namba yako walikutunzia."

Radi akacheka, kicheko kikavu kisicho na furaha. "Mimi nilidhani nikisimama pale nampa kitu."

"Unampa. Lakini unasimama kwenye geti ambalo si lake."

"Nikimwambia kocha leo kwamba sichezi mpaka mzee arudi, unajua atasema nini? Nina miaka thelathini na moja. Wakinifungia mlango kesho, hakuna timu nyingine itakayonipokea. Mimi si kijana asiye na doa, Dobi."

"Najua."

"Unataka nifanye hivyo?"

Ah, alivyotaka kusema ndiyo! Na alivyotaka kusema hapana, cheza, funga, wakuimbe, uje Jumapili na viatu vilivyong'arishwa! Alimtazama mwanamume huyu aliyeinamisha shingo mbele yake, akatamani kuweka kiganja pale nywele zinapoishia. Hakuweka.

"Sitaki kukuagiza," alisema. "Nikikuagiza nitakuwa sijui kama ni wewe au ni mimi. Jezi yako ya mechi ipo kabatini, imepigwa pasi. Ile ya mazoezi ichukue, imekauka. Fanya unavyoona."

Radi aliichukua jezi kwenye kamba. Akaondoka bila kuaga.

*

Jumamosi jukwaa liliunguruma juu ya kichwa chake tangu saa tisa. Vumbi lilidondoka darini. Dobi alipanga taulo, akazipangua, akazipanga tena. Hakufungua redio. Jezi zote za mechi zilikuwa zimechukuliwa kabatini asubuhi na mtunza vifaa, hakupata nafasi ya kujua kama namba tisa itavaliwa.

Filimbi zilipigwa. Nyingi. Basi yupo uwanjani, aliwaza, wanampigia filimbi. Kisha shangwe. Basi amefunga, wamesahau. Ndivyo watu walivyo. Ndivyo alivyo yeye pia, labda. Alhamisi ijayo atalowesha jezi tena, na mimi nitaifua, na betri hazitafika.

Mechi ilipokwisha, mtunza vifaa alishusha mifuko, jasho linamtoka.

"Tumepigwa mbili moja! Unajua Radi wako amefanya nini? Ameingia ofisini kwa kocha asubuhi, kafunga mlango. Tumesikia kelele mpaka barabarani. Kocha anasema, 'Unanipangia walinzi wewe?' Radi akatoka, akaenda zake. Mashabiki wamepiga filimbi robo saa nzima, wale wa kumtaka na wale wa kutomtaka, safari hii kwa pamoja!"

"Yuko wapi?"

"Nani anajua? Kocha kasema asikanyage hapa tena. Mwenyekiti kasema ngoja kwanza, Jumatatu wataita kikao. Hapo ndipo tulipo."

Akaacha mfuko wa namba tisa mezani. Jezi ya mechi ilikuwa ndani, imekunjwa vile vile alivyoikunja yeye, mikunjo ya pasi imesimama.

Hata hivyo hakuamini. Alijilaumu, lakini hakuamini. Mtu anaweza kugombana na kocha kwa kiburi tu. Mtu anaweza kufanya jambo zuri ili mwanamke alisikie tu.

Saa kumi na mbili kasoro alimwona kupitia dirishani. Alikuwa nje ya geti, upande wa barabara, hakuvuka mstari. Mlinzi mpya alimtazama kwa wasiwasi. Dobi alitoka, akasimama ndani, chuma katikati yao. Radi alikuwa amevaa jezi ya mazoezi, ngozi imechomwa na jua, midomo imepauka.

"Ulikuwa wapi?"

"Jumamosi malori ni mengi zaidi. Sikujua. Amenikaripia mara mbili." Alitazama viatu vyake. "Nimemwambia kwamba nimemwombea geti na nimekataliwa. Akasema, 'Nani alikutuma?' Nikasema hakuna. Akasema, 'Sasa umezungumza vya kutosha, angalia lori.'"

"Na kazi yako?"

"Sijui, Dobi. Huenda nimeipoteza. Siwezi kukuahidi kitu Jumatatu."

Dobi alimtazama. Macho yake yalitaka kumwamini hata kabla ya kichwa, na kichwa, kilichofundishwa na redio isiyo na betri, kikakataa kutanguliwa. Akapenyeza mkono kati ya nondo, akaishika kola ya jezi, akamvuta mpaka paji lake likagusa chuma. Mlinzi mpya akageuka pembeni kwa heshima.

Kwenye bega, kifuani, chini ya namba, kulikuwa na mistari myeupe, mmoja juu ya mwingine.

Akagusisha ulimi kwenye kola.

Chumvi. Chumvi kali mpaka machozi yakamtoka, au machozi yalikuwa njiani tayari.

"Haya," alisema, bila kumwachia. "Kesho saa nne. Usichelewe, na usivae manukato. Mama yangu naye ana pua."